Mchango wa bweni: ni sadaka au ada iliyovaa kanzu?

Barua aliyokuja nayo binti yangu likizo ya mwezi wa sita niliisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama mlangoni. Juu nembo ya shule, chini muhuri, katikati mistari minne: kila familia inaombwa kuchangia shilingi laki moja na nusu kwa ajili ya bweni jipya, mchango huu ni wa hiari, Mungu awabariki, halafu mwisho kabisa kwa wino mzito, "mwanafunzi aje na risiti siku ya kufungua shule". Sasa hiari gani tena inayodaiwa risiti getini?

Niseme mapema, mi siyo wa kuponda shule za Kanisa. Mke wangu kasoma kwa masista, nidhamu ya huko naijua, na shule anayosoma mtoto (ni ya jimbo, sitaitaja) hainipi shida kwenye masomo hata kidogo. Ninachobishana nacho ni hii michango, maana kila ukigusa unaambiwa eti huna imani, na upande wa pili kuna wazazi wanaoamini kila shilingi inaishia kwenye gari la padre mkuu wa shule, na wote wawili kwa kweli hawajakaa wakapiga hesabu.

Tuipige basi. Shule ya serikali, tangu Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, mzazi halipi ada, ile elfu 20 ya kutwa na elfu 70 ya bweni serikali inaifidia shuleni, mishahara ya walimu inatoka hazina, na Januari 2018 hayati Magufuli akapiga marufuku michango kabisa. Shule ya Kanisa ni binafsi kisheria, hiyo fidia haiioni. Mwalimu wa fizikia analipwa na ada ya mwanao, mpishi vilevile, umeme, dizeli ya jenereta, mahindi, chaki, mlinzi wa usiku. Na ada ikishamaliza hayo haijengi kitu. Hapo ndo panapozaliwa barua za michango, kwamba ada inalisha shule, mchango ndo unaijenga.

Zamani huo ujenzi uliangukia kwa wafadhili. Padre Mjerumani au Mtaliano anaandika barua kwao, parokia ya huko inakusanya, mwaka unaofuata kuna bwalo. Mapadre wale wengi wameshazeeka wakarudi kwao, wengine tumewazika hapa hapa, na parokia zilizowatuma zenyewe zimebaki na wazee kanisani. Kwa hiyo mzigo umehamia kwetu, na sioni ubaya wake, miaka mia na zaidi ya ukristo huku halafu bati bado lichangiwe na bibi wa Bavaria, hapana, tujikamue wenyewe.

Tena sheria ya Kanisa inalisema hili wazi. Kanuni ya 800 ya kitabu cha sheria za Kanisa katoliki cha mwaka 1983 inataka waamini wazikuze shule katoliki, wasaidie kwa kadiri ya uwezo wao kuzianzisha na kuziendesha. Naomba hapo kwenye "kwa kadiri ya uwezo wao" tusipapite haraka.

Maana uzuri wa mchango ukilinganisha na ada ni huo tu. Ada haikujui, inamtoza mwenye hardware tatu Kariakoo na muuza nyanya bei ileile. Mchango wa kweli unampa mwenye nacho nafasi ya kutoa milioni mbili na asiye nacho atoe elfu kumi, bweni lijengwe na hakuna aliyeondolewa shule. Ukipandisha ada badala ya kuomba mchango, wa kwanza kuondoka ni mtoto wa muuza nyanya, na shule inageuka ya wenye magari tu, kitu ambacho kwa baadhi ya shule zetu zinazosifika naona kimeshatokea.

Lakini shule ikiandika "kila familia laki na nusu" imeutupa uzuri wote huo. Hiyo ni ada imevaa kanzu tu. Tena mbaya kuliko ada, maana ada unaijua Januari unajipanga, hii inakuja katikati ya mwaka na haimo kwenye fomu ya kujiunga. Hesabu yenyewe wala haifiki mbali, tuseme shule ina familia 300 na wote walipe bila kukosa, milioni 45. Zile pesa za Uviko za 2021 serikali ilijenga darasa moja kwa milioni 20, kwa hiyo umepata madarasa mawili na chenji, na bweni lina vyoo, mabafu, tanki la maji, vitanda, huwezi kulimaliza kwa hiyo. Maana yake mwakani barua nyingine. Wangewaita wazazi kumi wenye uwezo wakaongea nao vizuri kwa heshima, pengine wangepata zaidi ya hiyo bila kumtoa jasho mama wa watu.

Kuna hoja ya upande wa shule ambayo nilikuwa siipi uzito hadi mzee mmoja wa bodi aliponiambia kwenye kikao. Nilimuuliza, mwanangu yuko kidato cha tatu, hilo bweni atalilala lini? Akanijibu, "Analolala sasa hivi ulilichangia wewe?" Nikanyamaza. Ni kweli, analala kitanda kilichonunuliwa na wazazi nisiowajua, kwa hiyo mchango ni deni linalopokezana, unamlipia atakayekuja kama ulivyolipiwa.

Ila deni hilo lina historia yake nyingine ambayo wazee wa bodi hawaisemi. Babu zetu walibeba matofali na mawe kichwani baada ya misa kujenga shule za misheni, halafu Sheria ya Elimu ya 1969 ikaja, serikali ikazitaifisha. Pugu ilikuwa St. Francis, hapo ndo Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipoacha kazi 1955, Milambo ya Tabora ilikuwa St. Mary's. Simlaumu Nyerere, alitaka mtoto wa dini yoyote asome, na katika hilo alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba aliyebeba tofali hakuulizwa na yeyote, maana jengo halikuwa lake, lilikuwa la misheni, kisha likawa la serikali. Leo pia hati ni ya jimbo. Mzazi anachanga kama mwenye mali ila siku ya maamuzi yeye ni mgeni mwalikwa, anapewa soda.

Uingereza wana mfumo wa kati hivi ambao nimeupenda na sijaupenda. Shule zao nyingi za katoliki zinalipiwa mishahara na serikali, kwenye majengo ya zile za aina ya voluntary aided Kanisa linatakiwa lichangie asilimia 10 tu, na hiyo ndo familia zinaombwa, mzazi anayelipa kodi akijaza fomu serikali inaongeza peni 25 juu ya kila pauni aliyotoa. Kisheria hawawezi kumzuia mtoto kwa sababu mzazi hajatoa. Kwa hiyo hiari ya kule ni hiari kweli, lakini inawezekana kwa sababu mwalimu ameshalipwa na mwingine. Huku kwetu ukimwambia mhasibu wa shule "hiari iwe hiari" anakuona mtoto, anajua akilegeza kidogo hapati hata nusu. Na mi namwelewa, sisi Watanzania harusi tunachangia milioni kadhaa kwa kadi na kamati na vikao kila jumapili, bweni tunaanza kuuliza maswali.

Pamoja na hayo maswali mengine ni haki. Kanuni ya 1267 inasema kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu, na ya 1287 inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyotoa. Siyo maneno ya wabishi wa mitaani hayo, ni sheria ya Kanisa lenyewe. Mwaka juzi tulichangia kisima. Kisima kikawa basi la shule. Basi ni zuri, tunalipenda, watoto bado wanabeba ndoo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama hela ni lazima iingizwe kwenye ada, mzazi aamue mapema kama anaiweza, na kama ni mchango basi bahasha bila kiwango, bila jina, na risiti abaki nayo mzazi, mtoto asijue kabisa nani katoa nini. Makusanyo yatashuka mwaka wa kwanza, nakubali, na pengine bweni litachelewa. Bora lichelewe.

Kwenye kile kikao mama mmoja aliyekaa nyuma alileta debe mbili za maharage akasema hela hana, hayo ndo mchango wake. Mhasibu akamshukuru vizuri tu, akafungua daftari lake kubwa, akatafuta safu ya kuandika, haikuwepo, lote lilikuwa jina na kiasi, ikabidi aandike pembeni kwa penseli, "maharage d. 2". Mkuu wa shule akaahidi taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa ubaoni kabla ya mwisho wa Agosti.

Septemba nilienda siku ya kutembelea wanafunzi. Nikapita kwenye ubao. Kulikuwa na ratiba ya misa, zamu za usafi, tangazo la kadi ya bima iliyopotea, na karatasi mbili za majina ya wanafunzi ambao familia zao hazijamaliza mchango. Yule mama jina la mwanae lilikuwemo, anadaiwa laki na nusu yote.