Kabla ya Auschwitz kulikuwa na Gurs

Makala yenu inasema Wayahudi wa vijiji vya Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani, walipelekwa moja kwa moja Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Sivyo. Tarehe 22 Oktoba 1940, wakiwa katika sikukuu yao ya Vibanda, zaidi ya watu 6,500 wa Baden na eneo jirani la Pfalz walipakiwa na Wanazi kwenye treni tisa kuelekea magharibi, Ufaransa, hadi kambi ya Gurs chini ya milima ya Pirenei. Serikali ya Vichy, iliyotawala sehemu ya Ufaransa isiyokaliwa na Wajerumani, haikuarifiwa mapema.

Kinachoumiza zaidi ni karatasi ya maelekezo waliyopewa polisi. Mtu mzima mzigo usiozidi kilo 50, blanketi moja, chakula cha siku kadhaa, pesa mwisho mark 100. Kabla ya kufunga mlango: moto uzimwe, maji na gesi vifungwe, fyuzi za umeme zifunguliwe, mifugo akabidhiwe kiongozi wa kijiji, na ufunguo ufungiwe kikaratasi chenye jina la mwenyewe, mtaa na namba ya nyumba. Wanazi walijali bomba lisivuje. Watu hawakuwajali hata kidogo. Wengine hawakupewa hata saa mbili za kufungasha. Kule Kippenheim zipo picha zilizopigwa mchana kweupe, watu wakipandishwa lori mbele ya nyumba zao. Baadaye vyombo vyao vilipigwa mnada.

Gurs ilikuwa tope tupu na mabanda ya mbao yasiyo na vioo. Wazee wengi walifia humo majira ya baridi ya kwanza. Ni kuanzia Agosti 1942 ndipo wengi wa waliosalia walipitishwa Drancy, kambi ya karibu na Paris, kwenda Auschwitz. Mhariri, tafadhali rekebisha.