Picha za skrini kwenye laptopu ya mfanyakazi: ushahidi wa kazi au upekuzi?

Vijana wengi wa Nairobi, Eldoret, Arusha na Dar es Salaam wanaoishi kwa kazi za mtandaoni hulipwa kwa saa, na saa hizo huthibitishwa kwa picha. Mteja yuko Toronto, mfanyakazi yuko Rongai na laptopu aliyoinunua kwa pesa zake, na kati yao kuna programu ndogo inayopiga picha ya skrini kila baada ya muda. Mfanyakazi akibonyeza kitufe cha kuanza, programu inahesabu dakika, inahesabu kibodi imeguswa mara ngapi na kipanya kimebofywa mara ngapi, kisha inatuma picha kwenye seva. Mteja akitaka, anafungua na kutazama.

Wapo wanaouita utaratibu huu utumwa mpya. Wapo wanaosema kwamba asiye na la kuficha hana cha kulalamikia. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaliruka swali lenyewe. Picha ya skrini inaweza kumlinda mfanyakazi, tena vizuri sana, na picha hiyohiyo inaweza kumwanika yeye na ndugu zake. Kinachoamua ni nani anaishika baada ya kupigwa, na kama mwenye kompyuta ana uwezo wa kuifuta.

Nianze na utetezi, maana huku kwetu haupewi nafasi ya kutosha. Upwork ya leo, soko la mtandaoni linalokutanisha wateja na wafanyakazi huru, ilitokana na oDesk, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2003 na marafiki wawili Wagiriki, Odysseas Tsatalos na Stratis Karamanlakis. Mmoja alikuwa Marekani, mwenzake Athens, nao walitaka kufanya kazi pamoja licha ya umbali huo. Kikwazo kikawa uaminifu: mtu aliye bara jingine utajuaje kwamba saa 30 anazodai ni saa 30 za kazi kweli? Shajara ya kazi yenye picha za skrini ilikuwa jibu. oDesk baadaye iliungana na mshindani wake Elance, jina likabadilika kuwa Upwork mwaka 2015, lakini shajara ile ikabaki.

Swali hilo la uaminifu linamwelemea zaidi anayeomba kazi kutoka kwetu. Biashara ya kukodisha akaunti imetuchafulia jina: aliyeajiriwa ni mmoja, anayeifanya kazi ni mwingine, na mteja anakuja kugundua kazi ikiwa imeharibika. Mtafsiri au mhasibu mwaminifu wa Mombasa anabeba gharama ya shaka hiyo kabla hajaandika hata mstari mmoja. Kwake, shajara yenye picha za wiki nzima inasema kile ambacho barua ya maombi haiwezi kusema.

Halafu kuna suala la malipo. Kwenye mikataba ya saa ya Upwork, muda uliorekodiwa na programu una ulinzi wa malipo ikiwa picha zinaonyesha kazi iliyokubaliwa na mfanyakazi ameandika maelezo ya alichokuwa akifanya. Muda ulioongezwa kwa mkono hauna ulinzi huo. Mteja akigeuka na kusema hakuona kazi yoyote, mfanyakazi ana kitu cha kuonyesha. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mwezi mzima kwa makubaliano ya WhatsApp tu, kisha akaona namba yake imezuiwa siku ya malipo, anajua thamani ya jambo hili. Mahakama ya kumshtaki mteja aliye Kanada kwa deni la dola 200 haipo karibu nasi.

Kuna kipengele kingine cha mpango huo ninachokiona kuwa cha haki. Picha hupigwa mara moja katika kila kipande cha dakika 10, kwa wakati usiotabirika, na tu pale ambapo mfanyakazi mwenyewe amewasha saa. Baadaye anaweza kuifungua shajara, kuziangalia picha na kufuta asizozitaka. Akifuta moja, anapoteza malipo ya dakika 10 zile, na biashara imeishia hapo. Bei ya faragha yake inajulikana, na uamuzi ni wake.

Sasa tuitazame picha yenyewe kwa karibu. Mchukue mtafsiri anayeshughulikia mwongozo wa mashine ya kufulia, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Katikati ya skrini kuna waraka wake, sentensi ya Kiingereza kushoto, ya Kiswahili kulia. Juu, kwenye mstari wa vichupo vya kivinjari, yanaonekana majina ya kurasa alizofungua: benki yake, barua pepe yenye kichwa cha habari kuhusu majibu ya maabara, ukurasa wa mkopo. Chini kulia, kwa sekunde chache tu, kumetokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa dada yake: mama amelazwa tena, inatakiwa elfu kumi na tano leo hii. Programu imepiga picha sekunde hiyohiyo.

Mteja alinunua sentensi mbili zile za katikati. Amepewa pia hali ya afya ya familia, jina la benki, na shida ya pesa ya watu asiowajua. Dada yule hakutia saini mkataba wowote. Mkataba wa mfanyakazi ni ruhusa yake peke yake, na skrini ya mtu wa kawaida imejaa watu wengine. Hoja ya asiye na la kuficha inaanguka hapa, kwa kuwa kinachoanikwa mara nyingi si chake kukianika.

Mfumo wa kompyuta nao hausaidii sana. Kwenye kompyuta za Mac, tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, programu inayotaka kurekodi skrini inalazimika kuomba ruhusa waziwazi. Kwenye Windows, ambayo ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za mitumba tunazotumia, programu ya kawaida ikishawekwa inaweza kupiga picha ya skrini bila kumuuliza mtu. Mfanyakazi anategemea tu kwamba aliyeiunda ni mwaminifu, na kwamba kitufe cha kusimamisha kinasimamisha kweli.

Picha zikishaondoka kwenye mashine, usalama wake ni wa yule aliyezihifadhi. Aprili 2025 watafiti wa Cybernews walieleza kwamba WorkComposer, programu ya kufuatilia wafanyakazi yenye watumiaji zaidi ya 200,000, iliacha picha za skrini zaidi ya milioni 21 kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Amazon isiyokuwa na ulinzi. Yeyote aliyeijua anwani angeweza kuzitazama. Picha za namna hiyo hubeba barua pepe, mazungumzo ya ndani ya kampuni na kurasa za kuingilia kwenye akaunti. Kwa hiyo hata mwajiri mwenye nia njema anapokusanya picha asizozihitaji, anaweka rundo la siri za watu mahali ambapo kosa moja la fundi linatosha kuzimwaga.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Microsoft ilipotangaza Recall mwezi Mei 2024, kipengele cha Windows 11 cha kupiga picha za skrini kila baada ya sekunde chache ili mtumiaji aweze kutafuta alichokiona zamani, dunia ilipiga kelele. Wataalamu wa usalama walionyesha jinsi hifadhidata yake ilivyoweza kusomwa kwa urahisi. Kampuni ikaahirisha, ikakifanya kiwe kimezimwa hadi mtumiaji akiwashe mwenyewe, ikaongeza usimbaji, yaani kuzigeuza picha zisisomeke bila ufunguo, na uthibitisho wa uso, kidole au PIN, na kikafika kwa umma Aprili 2025. Mwezi uliofuata Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ikaweka kinga ya kuzuia mazungumzo yake yasionekane kwenye picha hizo. Kelele ile ilistahili. Lakini picha za Recall zilikusudiwa kubaki ndani ya mashine ya mwenyewe. Picha za mfanyakazi wa saa zinasafiri hadi kwa mtu mwingine, kila siku, miaka nenda rudi, na utetezi wa kiwango kile hakupata kuuona. Aliyepigiwa kelele ni mnunuzi wa kompyuta mpya ya bei ghali; mwenye laptopu ya mitumba aliachwa ajitetee.

Ulaya imeanza kuweka mipaka. Desemba 2024 CNIL, tume ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, iliitoza faini ya euro 40,000 kampuni moja ya biashara ya majengo. Programu yake ilipiga picha za skrini za wafanyakazi mara kwa mara na kuhesabu kuwa hawafanyi kazi pale kibodi na kipanya vilipotulia kwa dakika kati ya 3 na 15. Uholanzi, mwaka 2022, mahakama ilimpa haki mfanyakazi wa kampuni ya Marekani ya Chetu aliyefukuzwa kwa kukataa kuacha kamera ikiwa imewashwa kutwa nzima, huku skrini yake pia ikitazamwa. Alipewa takriban euro 75,000 zikiwemo fidia na malimbikizo. Wote hao walikuwa waajiriwa, wenye mkataba wa ajira na sheria ya kazi nyuma yao. Mfanyakazi huru wa Kisumu hana kinga hiyo, na ndiyo maana siwezi kuzinakili hukumu zile na kusema zinatutosha.

Sheria zipo lakini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamgusa hata mkusanyaji aliye nje ya nchi, ikiwa anashughulikia taarifa za watu walio Kenya, na inataka zikusanywe zile tu zinazohitajika kwa lengo lililotajwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa kipimo hicho, picha ya dirisha la kazi inatetewa kirahisi. Picha ya skrini nzima, kwenye kompyuta binafsi, inayohifadhiwa bila ukomo, sioni itateteweje.

Kuhusu kuhesabu kibodi na kipanya nina maneno machache: ni kipimo kibovu. Mhariri anayesoma kurasa 6 kwa makini haandiki kitu, na shajara inamwonyesha kama aliyelala. Mjanja naye ananunua kifaa cha kusogeza kipanya. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi kwa kuigiza kazi kwenye kibodi, na hao walikuwa wa benki kubwa yenye kila aina ya ulinzi.

Mteja wa haki basi angedai nini? Angedai picha wakati saa imewashwa tu, angemwachia mfanyakazi nafasi ya kuziona na kuzifuta kabla hazijawa mali ya mwingine, na angezifuta baada ya malipo kukamilika na muda wa kupinga kupita. Anayetaka kutazama skrini kutwa nzima, bila kitufe cha kusimamisha, na anunue kompyuta aitume. Hapo kifaa ni chake, na mfanyakazi anajua kwamba asiingie benki kupitia mashine ile.

Kwa anayeanza wiki hii kwa laptopu yake mwenyewe, hatua yenye manufaa zaidi ni kufungua akaunti ya pili ya mtumiaji ndani ya Windows, ya kazi pekee, isiyo na WhatsApp, barua pepe binafsi wala vichupo vya jana. Haigharimu kitu. Kabla ya kukubali mkataba, amwulize mteja kwa maandishi ni programu gani itatumika, picha zitakaa wapi na kwa muda gani. Mkataba ukiisha, aombe zifutwe. Sheria ya Kenya inatambua haki ya kuomba hivyo. Wengi hawataomba, kwa kuogopa kupunguziwa nyota na mteja, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo Kamishna wa Data wa Kenya na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania wasingoje malalamiko ya mtu mmojammoja. Wanaweza kuziandikia kampuni za programu hizi moja kwa moja na kuzitaka zieleze picha za watu wa huku zinahifadhiwa kwa muda gani.