Hesabu ya nyumba ya Mbagala haijakamilika

Mwandishi wa makala ya kununua nyumba ya kupangisha Mbagala, Dar es Salaam, anasema nyumba ya milioni 80 inayopangishwa laki 5 kwa mwezi inarudisha asilimia 7.5 kwa mwaka. Hapana, ndugu. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, maana mpangaji akihama hapati mrithi kesho yake. Toa kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, asilimia 10. Tenga laki 6 za mafundi kwa mwaka. Inabaki kama milioni 4.35, yaani asilimia 5 na ushee. Hatifungani za muda mrefu za serikali, yaani pesa unazoikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na hazizibi choo usiku wa manane.

Sisemi usinunue, ardhi Dar inapanda bei. Ila nenda kaione masika, siyo Januari dalali anapokupeleka. Angalia rangi chini ya madirisha kama inabanduka. Uliza LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla, ni ngapi: vyumba vinne mita moja ni ugomvi wa kila wiki, na mwamuzi utakuwa wewe. Halafu hati ya umiliki ihakikiwe ofisi ya ardhi. Karatasi ya serikali ya mtaa haitoshi, hata mjumbe awe shemeji yako.