Kanisa likipungua, siasa hazipoi

Mwandishi mmoja anasema Wamarekani wakiendelea kuacha makanisa, siasa zao zitapoa. Sikubaliani naye. Kwa vipimo vya Gallup, shirika la Marekani la kura za maoni, mwaka 1999 asilimia 70 ya Wamarekani walikuwa waumini wa kanisa, sinagogi au msikiti fulani. Mwaka 2020 walibaki asilimia 47. Siasa zao zimepoa katika miaka hiyo? Zimechacha! Mtu aliyekuwa akiketi benchi moja na mpinzani wake kila Jumapili, leo anamjua kwa matusi ya mtandaoni tu.

Huku Mwanza bado tunayo nafasi ya kukaa pamoja, tusiichezee. Jumuiya yetu hapa Mabatini inasali Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Mzee wa CCM na kijana wa CHADEMA wanakaa mkeka mmoja, michango yao ya msiba inaandikwa kwenye daftari lilelile, ndipo wanabishana, tena kwa adabu, maana kesho watabeba jeneza pamoja. (Majirani zetu Waislamu nao ni hivyohivyo.)

Ila vijana wanapungua. Wengine Jumapili wako soko la samaki la Mwaloni wanapakia dagaa, siwalaumu, riziki ni riziki. Wanaoniuma ni wale walioondoka kwa kuchoka kumwona mgombea akipewa kipaza sauti madhabahuni kwa sababu kachangia mabati. Hao wana haki kabisa. Viongozi wetu wa dini wakomeshe hilo kwanza, kabla ya kulaumu simu za vijana.