Kwoyelo, miaka 15 na mahakama za nyumbani

Ikitajwa tu kesi ya uhalifu wa kivita watu wote wanakimbilia The Hague, wakati Mkataba wa Roma wenyewe, ulioianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) iliyoko huko, unasema ICC inaingia pale nchi husika inaposhindwa au haitaki kushtaki kwa dhati. Zamu ya kwanza ni ya mahakama za nyumbani.

Wanaozibeza wana hoja, na hoja yao nzito ni Thomas Kwoyelo. Kamanda wa LRA, kundi la waasi wa kaskazini mwa Uganda, kakamatwa 2009, kahukumiwa 2024. Miaka 15! Dominic Ongwen wa LRA hiyohiyo alifikishwa The Hague Januari 2015 na Mei 2021 alishapewa miaka yake 25. Mtoto aliyezaliwa Kwoyelo anakamatwa yuko sekondari kesi inaisha, na mashahidi muda wote huo wanazeeka, kumbukumbu zinafifia. Hili linaniuma kweli.

Ila tuulize hiyo miaka iliendea wapi. Uganda kulikuwa na sheria ya 2000 ya msamaha kwa waasi, Mahakama ya Katiba ikasema 2011 Kwoyelo anastahili msamaha kama waasi wengine, mpaka 2015 ndio Mahakama ya Juu ikalikataa hilo. Halafu sheria ya Uganda ya kutekeleza Mkataba wa Roma ni ya 2010, makosa ya Kwoyelo ni ya kabla ya hapo, na huwezi kumfunga mtu kwa sheria ambayo haikuwepo, kwa hiyo waendesha mashtaka ikabidi washike Mikataba ya Geneva kuhusu vita na sheria za kimila za kimataifa, yaani desturi zinazozifunga nchi zote, wachanganye na kanuni ya adhabu ya kawaida. Njia hiyo sasa imeshalimwa, kesi ijayo haitaanzia porini.

Na hukumu ilisomwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, Waacholi walioumizwa na vita hiyo wakiwa palepale, hatia kwa makosa 44.

Wengine wanasema hii ni haki ya mshindi, waasi wanafungwa na wanajeshi wa serikali wako nje. Ni kweli inatia doa, lakini hati za ICC za kukamata watu kwa Uganda nazo ziliwalenga LRA tu. Na Kongo, Fizi 2011, ni mahakama ya kijeshi ya nchi ileile iliyomfunga Luteni Kanali Kibibi Mutware, ofisa wa jeshi la serikali, miaka 20.

Kwoyelo alipewa 40, zikatolewa 15 za rumande, zikabaki 25. Majaji wakaamuru pia serikali iwalipe waathirika fidia, maana yeye mwenyewe hana kitu. Hiyo fidia ndiyo ya kufuatilia sasa.