Shilingi sitini za pampu ni za nani?

Nikirudi Bukoba likizo kutoka Kampala, ndugu na marafiki wenye magari huniuliza swali moja hata kabla ya habari za watoto: mafuta Kampala bei gani? Nikitaja shilingi za Uganda elfu tano na ushei kwa lita, wanaanza kuzigeuza kuwa shilingi za kwetu, na hapo ubishi wa nani ana nafuu unakolea mpaka chai inapoa. Ubishi huo sina hamu nao tena. Bei ya lita ni jambo kubwa na ina wasemaji wake. Kinachoniuma mimi huku ni mkia wa bei, zile shilingi thelathini, sitini au mia tatu zinazobaki pampu ikishasimama, ambazo mwenye sheli, mhudumu na mteja wote wanazichukulia kana kwamba hazipo.

Kwa walioko nyumbani, nieleze kwanza mambo yalivyo. Kwetu Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei kikomo zipo tangu 2009. Jedwali linapanga mji kwa mji. Bukoba tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu lori limetembea nchi nzima kutufikia, na tofauti hiyo unaiona kwenye karatasi. Kenya wana EPRA, mamlaka yao ya nishati na petroli, inayotangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Uganda haina utaratibu huo. Biashara ya mafuta iliachiwa soko mwaka 1994, na tangu hapo kila sheli inajipangia. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia, mpakani na Kenya, kwa ajili ya vipimo vya korona, lita ilipita shilingi 10,000 katika miji iliyo mbali na Kampala, na hapakuwa na chombo cha kusema bei iishie hapa.

Soko huria silipingi. Nimeona faida yake kwenye barabara ya Masaka, ambapo sheli mbili zinatazamana na ile ya kushoto ikishusha bei kwa shilingi mia, bodaboda wote wanahamia kushoto kabla ya saa sita mchana. Kwetu bei kikomo mara nyingi ndiyo bei yenyewe: ukivuka barabara utakuta namba ile ile. Kwa hiyo anayesema Uganda iige Tanzania moja kwa moja hajafikiria vizuri. Shida inaanza namba kubwa ikishakubalika, pale mafuta yanapoingia kwenye tenki.

Tazameni gari linavyojazwa. Unasema jaza, mhudumu anachomeka mdomo wa pampu, anaushika hadi tenki linapojaa na mashine inajizima yenyewe. Namba inasoma, tuseme, 86,340. Hapo ndipo ungelipa ukaondoka. Lakini mhudumu haondoi mkono. Anaminya tena kidogo, 86,500. Anaminya, 86,720. Anatikisa mpira, anaminya tena taratibu huku macho yako kwenye namba, si kwenye tenki, mpaka isome 87,000. Mafuta ya mwisho mwisho yanarudi juu, yanachuruzika ubavuni mwa gari na kudondoka sakafuni, unayanusa. Umelipa shilingi 660 ambazo hukuziomba, na sehemu yake imekaushwa na jua la Kampala mbele ya macho yako. Ukiuliza, jibu ni moja: "Chenji hakuna, ssebo," yaani bwana. Na kweli chenji ni tabu. Sarafu ya shilingi 50 siku hizi unaiona kwa nadra, na za kumi zilishatoweka mikononi mwa watu.

Mwenye gari atasema shilingi 660 si kitu, na mwenye gari anaweza kusema hivyo. Wanaonunua kwa fedha ndogo ndio hawawezi.

Karibu na duka la vipuri ninakofanya kazi, Ndeeba hapa Kampala, kuna stendi ya bodaboda, na vijana kadhaa pale ni wa kutoka Goma na Bukavu, kwa hiyo Kiswahili kinatuunganisha. Mmoja wao huweka mafuta ya elfu tano asubuhi, ya elfu tano mchana, na jioni tena akipata abiria wa mbali. Nimesimama naye pampuni. Mhudumu anaanza kwa kasi, halafu namba ikikaribia mwisho anabana na kuachia, anabana na kuachia, kisha anachomoa. Inasoma 4,940. Kijana anatoa noti yake ya elfu tano, anafunga kifuniko cha tenki, anaondoka. Nilimwita. "Kaka, hii mambo tulishazoea," akaniambia, na hakugeuka kutazama namba.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua pungufu la shilingi 50 tu, mara tatu kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ni shilingi 45,000. Kwa bei ya elfu tano ni lita tisa, mafuta ambayo kijana anayelala chumba cha kupanga na watu wengine watatu amemwachia mtu asiyemjua. Mwenye gari anayejaza tenki mara moja kwa wiki anapigwa mara moja kwa wiki. Masikini anapigwa kila anapogusa pampu, kwa sababu tu hana fedha ya kujaza kwa mkupuo.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwenye bamba la pampu nyingi pameandikwa kiasi cha chini kinachopaswa kutolewa, mara nyingi lita 2 au 5. Maana yake ni kwamba usahihi wa mashine unahakikishwa kuanzia kiasi hicho. Kanuni za kimataifa za vipimo zinaruhusu pampu kukosea kwa nusu ya asilimia, basi. Lakini chini ya kiwango kile cha bamba hakuna anayekuhakikishia. Mafuta ya elfu tano ni lita moja kasoro. Bodaboda wengi wa Kampala wananunua chini ya kiwango ambacho mashine yenyewe inakiri. UNBS, shirika la viwango la taifa, hukagua pampu na kubandika stika, kazi njema kabisa. Ila stika inapima mashine. Haipimi mkono ulioshika mpira.

Sisemi haya kwa chuki na wahudumu. Wengi ni mabinti na vijana waliosimama juani tangu alfajiri kwa mshahara mdogo, na jioni hesabu ikipungua shoti inakatwa kwao. Ukimkata mtu shoti kwa makosa ya mashine, kwa noti bandia na kwa mteja aliyekimbia bila kulipa, umemfundisha kuweka akiba kwa shilingi za mteja anayefuata. Mwenye sheli anajua. Anakaa ofisini akijua, na ananufaika na ukimya wa pande zote mbili.

Nyumbani nako si peponi. Mkoa wetu wa Kagera mkulima ameonewa kwa lumbesa miaka na miaka, gunia linashonewa kilemba juu na kulipwa kama gunia moja. Na bei kikomo yenye shilingi 14 mwishoni hakuna anayeilipa kwa sarafu. Lakini kuna vitu viwili nilivyovizoea nikidhani ni vya kawaida duniani kote. Kwanza, ile bei iliyotangazwa: hata mama mwenye jenereta ya saluni anaweza kunyoosha kidole kwenye namba na kusema umezidisha. Pili, risiti. Mwaka 2017 TRA, mamlaka ya mapato, ilifunga vituo vingi vilivyokuwa havijaunganisha mashine za risiti na pampu, watu wakalalamika siku kadhaa, kisha vikafunguliwa. Risiti inakuambia umepewa lita ngapi. Nikivuka mpaka wa Mutukula kurudi huku, ninachokikosa ni hicho: karatasi ndogo ya kushikilia wakati wa kubishana.

Na kubishana kwenyewe kwa mgeni ni kugumu. Wazee wa hapa bado wanakihusisha Kiswahili na askari wa miaka ya Amin, na mtu anayedai shilingi sitini kwa Kiswahili anasikika kama anatoa amri. Nimejifunza kuanza na salamu ya Kiganda, niulize hali, ndipo nidai. Sipendi kwamba haki yangu inahitaji utangulizi, lakini kwa namna hiyo napewa.

Ninachokitaka hakihitaji bunge. Pampu za kisasa zina vitufe: unabonyeza 5,000, mashine inahesabu na kujizima kwenye 5,000 yenyewe. Vitufe vipo na vinafanya kazi, basi vitumike kwa kila anayenunua kwa kutaja kiasi cha fedha, bila kuombwa. Anayejaza tenki alipe namba iliyosomeka mashine ilipojizima. Kama chenji hakuna, hasara ya sarafu iwe ya mwenye sheli, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua bei yenye mikia. Mimi siku hizi nalipa kwa simu, 86,340 kamili, hakuna wa kuniambia chenji imekosekana. Shoti nayo isikatwe kwa mhudumu mpaka pampu imepimwa mbele yake.

Ndeeba kuna sheli moja ambayo wahudumu wake wanabonyeza kitufe kwanza kisha wanakuonyesha sifuri kabla ya kuminya. Bei yake iko juu ya jirani yake kwa shilingi 40 kwa lita, na bado foleni ya pikipiki asubuhi iko kwake. Vijana wamepiga hesabu: arobaini unayoiona ni nafuu kuliko sitini usiyoiona.