Msuri Kanichukua

Bibi yangu alikuwa na dawa moja tu ya mtoto anayechelewa kurudi nyumbani magharibi: "Msuri atakuchukua!" Wasuri ni wale mabaharia wa Suri, Omani, waliokuwa wakiingia Unguja na majahazi kwa upepo wa kaskazi, wakileta tende na papa mkavu, wakirudi na boriti za mikoko. Nimekua nikiwaogopa. Sasa nina miaka sitini na mbili, nimekwenda Maskati kumtembelea dada yangu, na wallahi Msuri kanichukua. Kanichukua saa moja na nusu asubuhi, mlangoni kwa dada, kwa gari jeupe lenye kiyoyozi, na aliyelipa ni mpwa wangu mwenyewe.

"Mjomba, huwezi kuja Omani ukakaa ndani unasikiliza taarabu kwenye simu," aliniambia. Kumbe anasema hivyo tiketi keshakata. Akanionyesha: safari ya siku moja, kundi dogo, maajabu ya pwani. Nikamuuliza maajabu gani. Akasema kuna shimo. Shimo la nini? "Shimo tu mjomba. Lina maji."

Mimi kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mtu wa Makunduchi unamlipia akaone shimo lenye maji? Kwetu ni uwanda mtupu, mawe kwa mawe. Ukikanyaga pasipo umo pangoni. Mapango yenyewe ndiyo yaliyotunywesha. Nilichapwa bakora na marehemu mama kwa kuogelea ndani ya pango la maji ya kunywa, bakora ambazo nikizikumbuka hadi leo nabadilisha upande wa kukalia. Leo kosa lile lile nalifanyiwa malipo kwa riali! Bei siitaji. Niliigeuza shilingi usiku ule, nikakosa usingizi, na riali moja tu ya Omani ni zaidi ya dola mbili na nusu.

Kundi dogo, nimeshajua maana yake. Maana yake nyote mnaenea kwenye gari moja. Tulikuwa saba na dereva wa nane. Mume na mke wastaafu wa Kijerumani, kila mmoja na fimbo mbili za kutembelea, mtu mwenye miguu miwili anatembelea minne. Dada mmoja wa Kifaransa mwenye kamera kubwa kuliko begi langu. Vijana watatu wa Kihindi wanaofanya kazi Dubai, mmoja na kofia nyekundu, mkumbukeni huyo. Na mimi, ambaye kwa kuwa sikubisha nilipewa kiti cha nyuma kabisa, kile ambacho ukikaa magoti yanakubishia hodi kidevuni. Sikatai, daladala ya Makunduchi tunabanwa zaidi ya hapo. Lakini tunabanwa kwa nauli ya daladala, na hakuna aliyetuambia yale ni maajabu.

Nikajisemea kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili changu, "Kiti hiki kimetengenezwa na mtu asiye na miguu."

Dereva akanitazama kwenye kioo. "Pole ami. Nikusogezee begi?"

Kiswahili safi, kile cha mjini Unguja, na "ami" juu yake. Mama yake kazaliwa Malindi ya Unguja, baba ni mtu wa Suri, yeye mwenyewe kakulia Maskati. Nilipaswa kujua! Dada alinionya siku ile ile ya kwanza: hapa usimseme mtu kwa Kiswahili, hata muuza mboga anakusikia. Na hapo ndipo safari yangu ilipoharibika, kabla hatujatoka mjini. Mtu wa umri wangu hasafiri ili aone, anasafiri ili anung'unike. Sasa nitanung'unika kwa lugha gani? Kiingereza changu ni cha kuuzia saa. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kuogopea Mwenyezi Mungu, hakifai kulalamikia kiti. Basi nikakaa siku nzima na manung'uniko mdomoni kama mtu aliyemaliza embe kwenye nyumba ya watu, hajui kokwa ataitupa wapi. Nyinyi ndio pa kuitupia.

Mjue tu kwamba mimi ni fundi saa, miaka thelathini na miwili pale Darajani. Mtu akichelewa dakika tatu mimi naumwa. Tulisimama kituo cha mafuta, tukaambiwa dakika kumi. Kofia nyekundu kaja baada ya ishirini na moja, na kikombe cha chai ya maziwa mkononi, anatabasamu. Nikaitazama saa yangu. Nikaiinua, nikaitazama tena, aone. Hakuona. Yule dada wa Kifaransa naye alisimamisha gari mara tatu barabarani, kushoto bahari, kulia milima mikavu ya rangi ya udongo uliochomwa. Nikadhani anapiga picha milima. Anapiga picha mbuzi. Mbuzi, jamani! Yule mbuzi mwenyewe alituangalia kama anayetaka kuuliza kuna nini.

Kilomita mia na thelathini hivi kutoka Maskati, tukafika shimoni.

Wenyewe wanaliita Hawiyat Najm, shimo la nyota. Wazee wa pale wanasimulia nyota ilianguka ikatoboa ardhi. Dereva akasema hapana, ni mawe ya chokaa. Maji yameyala kwa chini mpaka likawa pango, kisha dari la pango likaanguka. Wenzangu wakafanya "aaa". Mimi nikanyamaza, nikawaza: kwetu dari likianguka anaitwa fundi, anaanza kwa kumsema fundi aliyetangulia. Huku dari limeanguka wamelijengea ngazi za saruji, wakalizungushia bustani.

Ni kubwa, sikatai. Ng'ambo hadi ng'ambo kama mita hamsini upande huu na sabini upande ule, na kwenda chini kama mita ishirini. Bahari iko mita mia chache tu, na maji yake yanapenya kwa chini yakachanganyika na maji baridi, ndiyo maana unapoonja ni chumvi isiyokuwa na nia. Rangi yake sasa. Hapo nitasema kweli ingawa inaniuma: sijaona mfano wake. Kijani si kijani, buluu si buluu, kama kipande cha chupa ukikishika juani. Nilisimama ngazi ya mwisho nikasahau kukasirika, labda dakika nne nzima.

Kibao kinataka watu wajistiri. Mimi nilishuka na kikoi changu na fulana, nikawa ndiye mwenye adabu kuliko wote. Nikatia miguu majini. Wakaja visamaki vidogo kama kucha, wakaanza kunidonoa nyayo. Dereva akasema wanakula ngozi iliyokufa, watu wa miji mikubwa wanalipia huduma hiyo dukani. Basi nikawaachia. Ngozi ya miaka sitini na miwili, iliyokulia juu ya mawe ya Makunduchi! Walikuja wote. Mjerumani ametia miguu yake kando yangu, hata mmoja hakumfuata. Nikaona kumbe na mimi nina changu.

Yule Mfaransa akanipiga picha. Baada ya mbuzi, ni mimi.

Tukaenda Wadi Shab, karibu na Tiwi. Hilo ni bonde, kuta za mawe zimesimama wima huku na huku mpaka shingo inauma, na kwenye mdomo wa bonde limepita daraja kubwa la barabara kuu juu kabisa, magari yake ukiyatazama kama mende. Chini yake kuna maji ya kuvuka kwa boti. Boti riali moja, kwenda na kurudi, na haimo kwenye bei. Sasa nisikilizeni. Nilikaa kwenye boti, nikasema bismillahi, sijamaliza "rahim" tumefika. Upana wa maji yale, mtoto wa kwetu anauruka akiwa na ndoo kichwani. Riali moja!

Ng'ambo ya pili ni kutembea, dakika arobaini na tano mawe matupu. Kwenye karatasi waliandika mtu aje na viatu vya maji. Mimi nimekuja na makubadhi. Makubadhi ni kiatu cha heshima, cha kwendea msikitini na harusini. Juu ya jiwe lililolowa yanageuka sabuni. Nilianguka mara mbili. Ya kwanza hawakuniona. Mjerumani akanipa fimbo yake moja, nami nikaipokea, na yote niliyosema juu ya fimbo zile nayafuta.

Nusu ya njia nikakuta mfereji wa maji, wenyewe huuita falaj, unapita pembeni mwa mitende na migomba. Migomba! Kivuli cha kwetu kabisa. Nikamwambia dereva, mwanangu, nendeni, mimi nimefika. Huko mbele kuna vidimbwi vya kuogelea, na mwisho wake pango ambalo mlango wake ni ufa wa kupitisha kichwa tu, unaogelea kidevu juu, ndani kuna maporomoko. Mtu atoke Unguja aje kubanwa kichwa? Dereva akasema, "Sawa ami, pumzika. Tukutane kwenye boti saa moja."

Saa moja. Nikaona ni mbali, kutakuwa na giza, lakini Mjerumani nilishamwona na tochi ya kufunga kichwani. Nikasema, haya, watu wanapenda tabu.

Nikatawadha kwenye falaj, nikasali adhuhuri, nikajivuta nyuma ya migomba pasipo jua, nikalala. Usingizi wenyewe ule ambao maji yanapita karibu na kichwa na hakuna mtu wa kukuuliza umekula nini. Usingizi ule peke yake una thamani ya bei ile, na msimwambie mpwa wangu.

Nikaamshwa na mtu ananitikisa bega. Dereva. Kanzu imelowa jasho, kofia iko upande.

"Ami! Watu wanakungoja kwenye boti! Nilikwambia saa moja!"

"Saa moja si bado?" Nikamwonyesha saa yangu, ambayo niliisogeza mbele kwa mkono wangu tangu uwanja wa ndege, maana Omani imetutangulia kwa saa nzima. "Tazama mwenyewe. Mshale mfupi umepita kwenye moja. Saa saba na dakika arobaini. Saa moja ni usiku huko."

Akaitazama saa. Akanitazama mimi. Nikaona uso wake unabadilika pole pole, na wangu nikausikia unabadilika.

"Ami," akasema, "mshale ukiwa kwenye moja si ndio saa moja?"

Wallahi nilikosa jibu. Mtoto kazaliwa Omani, Kiswahili kakinyonya kwa mama, saa kazipata kwa Kiarabu. Kwao jua likiwa utosini ni saa kumi na mbili. Nimefungua saa za watu miaka thelathini na miwili, za Seiko, za Roamer, za kutia ufunguo, sijawahi kuulizwa swali hilo. Tukabishana njia nzima, mimi na fimbo ya Kijerumani, yeye kanishika mkono: saa saba, mwanangu, saa saba! Ami, saa saba ni magharibi!

Kwenye boti walikuwa wamekaa wote sita juu ya mawe. Kofia nyekundu wa kwanza. Akaitazama saa yake. Akaiinua, akaitazama tena, nione. Niliona.

Dereva, kwa wema wake, akataka kunitetea. Akawaeleza kwa Kiingereza mambo ya saa ya Waswahili, kwamba tunahesabu tangu jua linapochomoza, wakasikiliza vizuri, hata wakaanza kunionea huruma. Kisha akaongeza kwamba mimi ni fundi saa. Hakuna aliyemuuliza! Yule mama wa Kijerumani alicheka mpaka akakaa chini.

Wali na nguru tukaukuta umepoa, na hakuna aliyesema ni kwa sababu ya nani, ndivyo nilivyojua wote wanafikiria. Tulipopita Qalhat, mji wa kale, kwenye kaburi la Bibi Maryamu, hatukushuka. Dereva akanisimulia, nadhani kunifariji, kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita huku baada ya Kilwa, karne ya 14. Aliuona mji wa Qalhat kwa mbali, akaudhani karibu, akachukua mtu wa kumwongoza. Yule kiongozi akawa anazinyemelea nguo zake. Kaingia mjini miguu imevimba ndani ya viatu, damu inakaribia kutoka chini ya kucha. Nikayatazama makubadhi yangu. Miaka mia saba karibu, na safari ya kuongozwa bado ni ile ile, isipokuwa mimi nguo zangu nilirudi nazo.

Suri tukaibakishia dakika ishirini tu. Nilitaka kuyatazama majahazi vizuri, hayo hayo ya bibi yangu, lakini muda nilikuwa nimeulala mwenyewe. Nikamweleza dereva habari ya Msuri atakuchukua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema bibi yake mzaa mama naye aliwatisha kwa maneno hayo hayo, halafu akaozesha binti yake kwa mmoja wao.

Usiku simu ya mpwa wangu ikalia. Kampuni inauliza tunaipa nyota ngapi. Nikamwambia nyota moja imeshaanguka pale, waiokote hiyo. Yeye akaweka tano, kwa jina langu, halafu akanionyesha picha nyingine: Ras al Jinz, wiki ijayo, kwenda kuwaangalia kasa wanapanda ufukweni kutaga mayai usiku. Kundi dogo.

Nimemwambia kasa nimewaona tangu sijaota meno. Halafu nikamuuliza, hao wanatoka saa ngapi, na kwa saa ya nani?